Wengi wa Mbinga, Wachache wa Tunduru

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Wiki hii nawaomba tuzungumzie jambo la India, lakini tulizungumzie tukiwa tumesimama Mbinga. Najua wapo watakaouliza: India na Mbinga wapi na wapi? Kule ni nchi ya watu zaidi ya bilioni moja. Huku ni milima ya Wamatengo, kahawa na mashamba ya ngoro, na ukiteremka kilometa 66 kutoka Mbinga mjini unafika Mbamba Bay, kwenye usipa na mitumbwi ya Ziwa Nyasa. Nawaomba subira. Jambo lenyewe ni utaifa wa Kihindu na haki za watu wa dini zenye wafuasi wachache, na nitajaribu kuonyesha kwamba kipimo chake kizuri kipo hapa hapa mkoani Ruvuma.

Kwanza tusafishe maneno. Sisi Waswahili tuna tabia ya kuliita kila duka la mtu wa asili ya Asia "duka la Mhindi". Mwenye duka anaweza kuwa Ismailia, mfuasi wa Aga Khan. Anaweza kuwa Bohora, Ithnaasheri au Singasinga. Anaweza kuwa Mgoa Mkatoliki, anayepiga magoti katika kanisa lile lile analosali Mmatengo. Au anaweza kuwa Mhindu, ambaye wazee wetu wa pwani walimwita Baniani. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Tofauti ni herufi moja tu, lakini ugomvi wote ninaotaka kuuzungumzia leo umejificha ndani ya herufi hiyo. Kwani wapo wanasiasa kule India ambao kwa miaka mia moja sasa wametaka maneno hayo mawili yawe neno moja: kwamba Mhindi wa kweli ni Mhindu, na asiye Mhindu ni mpangaji katika nyumba ya mwenyewe.

Fikra hiyo ina historia. Mwaka 1923, India ikiwa bado chini ya Waingereza, bwana mmoja aitwaye Vinayak Damodar Savarkar alichapisha kitabu alichokiita Hindutva, yaani Uhindu kama utambulisho wa taifa. Kwa muhtasari, hoja yake ilikuwa kwamba mwana halisi wa India ni yule ambaye India kwake ni nchi ya baba zake na pia ni nchi yake takatifu. Mhindu anafaulu mtihani huo. Singasinga na Mbudha wanafaulu, kwa kuwa dini zao zilizaliwa huko huko. Mwislamu na Mkristo wanafeli, hata kama babu wa babu zao walizaliwa na kuzikwa katika udongo wa India, kwa sababu mmoja anaelekea Makka na mwingine anaitazama Yerusalemu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1925, katika mji wa Nagpur, kikaanzishwa chama cha kujitolea kiitwacho Rashtriya Swayamsevak Sangh, kwa kifupi RSS, kuwafunza vijana fikra za namna hiyo pamoja na mazoezi na nidhamu.

Hapa msikilizaji wa Afrika Mashariki asidhani haya ni mambo ya mbali. Tawi la kwanza la mtandao huo nje ya Bara Hindi lilianzishwa Kenya, mwaka 1947. Na chama cha namna hiyo kilipoanzishwa Uingereza katika miaka ya 1960, wahamiaji waliotoka Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Kwa hiyo fikra hii ilipita bandarini kwetu mapema sana, ingawa wengi wetu hatukuisikia ikipita.

India iliyopata uhuru mwaka 1947 haikuifuata njia hiyo. Katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1950 inampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuabudu na kuitangaza dini yake. Lakini tujue kwamba bei ilikwisha kulipwa. Tarehe 30 Januari 1948, Mahatma Gandhi, Mhindu wa kufunga na kusali, aliuawa kwa risasi na Mhindu mwenzake, Nathuram Godse, aliyemwona ni msaliti kwa kuwatetea Waislamu. Hilo ni la kuwekwa akilini na kila anayedhani kwamba siasa ya "dini yetu kwanza" huwadhuru wa dini nyingine peke yao. Aliyeanguka alikuwa wa dini ile ile.

Yaliyofuata tuyapitie kwa haraka. Tarehe 6 Desemba 1992, umati wa watu uliubomoa Msikiti wa Babri katika mji wa Ayodhya, msikiti wa karne ya 16, kwa madai kwamba umejengwa mahali alipozaliwa mungu wao Rama. Machafuko yaliyofuata yaliua watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu. Mwaka 2002, katika jimbo la Gujarat, treni iliyokuwa na mahujaji wa Kihindu ilishika moto na watu 59 wakafa. Kisasi kilichofuata kiliua watu zaidi ya 1,000, wengi wao tena Waislamu. Mwaka 2008, katika wilaya ya Kandhamal, jimbo la Orissa, ikawa zamu ya Wakristo: kiongozi mmoja wa Kihindu aliuawa, Wakristo wakasingiziwa, makanisa na nyumba zikachomwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia porini na makambini.

Chama cha Bharatiya Janata, kinachotokana na mkondo huo wa RSS, kinaongoza serikali ya India tangu mwaka 2014. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria ya uraia inayowafungulia mlango wakimbizi kutoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan walio Wahindu, Masingasinga, Wabudha, Wajaini, Waparsi na Wakristo. Waislamu hawakutajwa. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya India ilisema kwamba kuubomoa ule msikiti kulivunja sheria, lakini ikaamuru kiwanja kijengwe hekalu, na Waislamu wapewe ekari 5 mahali pengine. Mwaka 2020 mahakama nyingine iliwaachia huru washitakiwa wote 32 wa ubomoaji. Hekalu likazinduliwa tarehe 22 Januari 2024, na Waziri Mkuu Narendra Modi mwenyewe ndiye aliyeongoza shughuli.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Wahindu si kitu kimoja. Mamilioni yao hawaikubali siasa hii, na waliosimama mahakamani, magazetini na barabarani kuwatetea jirani zao Waislamu na Wakristo wengi wao ni Wahindu. Katika uchaguzi wa mwaka 2024, miezi michache tu baada ya hekalu kuzinduliwa, chama hicho kilipoteza wingi wake bungeni kikalazimika kutawala kwa kushikwa mkono na wenzake, na kilishindwa katika jimbo lile lile la uchaguzi ambamo Ayodhya imo. Tuseme pia kwamba katika Pakistan na Bangladesh, ambako Waislamu ndio wengi, Wahindu na Wakristo wameonja mateso ya aina hiyo hiyo. Ugonjwa ni ule ule, ila mgonjwa anabadilika.

Sasa turudi nyumbani. Hebu tuuchukue mtihani wa Savarkar tuuweke juu ya meza pale Mbinga. Anaingia Mmatengo Mkatoliki wa Litembo. Je, nchi yake takatifu iko wapi? Askofu wake mkuu yuko Roma. Amefeli. Anaingia Mnyasa Mwanglikana wa Liuli. Kanisa lake lililetwa na misheni ya Waingereza iliyokuwa na makao kisiwani Likoma, ambacho hadi leo ni cha Malawi, na mizizi yake iko Canterbury. Amefeli. Anaingia Mwislamu mwenye duka la rejareja karibu na stendi. Anaelekea Makka mara tano kwa siku. Amefeli. Mlutheri naye, Wittenberg. Tukiendelea hivyo, atakayefaulu ni yule mzee anayetambika kwenye makaburi ya babu zake peke yake. Na hata yeye, akiwa Mngoni, atakumbushwa kwamba babu zake walikuja kutoka kusini ya mbali, Natal, katika karne ya 19. Hakuna atakayebaki ndani ya nyumba. Mtihani unaomfukuza kila mtu nyumbani kwake una kasoro kubwa.

Pengine mtu atasema kwamba huo ni mzaha wangu tu, kwamba hapa kwetu hakuna aliyewahi kupimwa hivyo. La hasha. Wapo waliopimwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, moja ya mapambano ya mwanzo kabisa yalikuwa hapo hapo Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen. Mwezi Agosti mwaka huo meli ya Waingereza, Guendolen, iliivizia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa juu ya nchi kavu inatengenezwa, ikaiharibu. Baada ya hapo, katika koloni lote la Wajerumani, Mwanglikana akawa mtu wa kushukiwa. Walimu na mapadri wa Kiafrika wa misheni ya UMCA walikamatwa, wakafungwa na wengine wakateswa. Kosa lao nini? Kwamba kanisa lao lilitoka Uingereza, basi na mioyo yao lazima iko Uingereza. Watu weusi, waliozaliwa katika ardhi hii, waligeuzwa maadui kwa sababu ya kitabu cha sala walichokishika.

Vita ilipogeuka, gurudumu nalo likageuka. Waingereza waliposhika nchi, wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani, waliokuwa wamefika Peramiho tangu mwaka 1898, wakawa ndio wa kushukiwa na kuondolewa. Waumini wao wakabaki bila wachungaji waliowazoea. Kwa hiyo katika eneo hilo moja, ndani ya miaka michache, Mwanglikana alilipia Uanglikana wake, halafu mmisionari Mkatoliki akalipia Ujerumani wake. Anayefikiri kwamba wingi au nguvu ya leo ni hati ya kumiliki kesho, na asome historia ya mwambao huu.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo nafika kwenye hoja yenyewe. Wengi na wachache ni maneno yanayobadilika kwa nauli ya basi. Mbinga, Wakatoliki ndio wengi, na tangu mwaka 1986 wana jimbo lao la kanisa. Ukiteremka mwambaoni, wilaya ambayo tangu mwaka 2012 inaitwa Nyasa, utakuta vijiji ambako Mwanglikana ndiye mwenye kengele kubwa, na Mkatoliki anatafuta jirani wa kusali naye. Panda basi urudi Songea, kisha ushike njia ya mashariki hadi Tunduru. Mkoa ni ule ule wa Ruvuma, mkuu wa mkoa ni yule yule. Lakini Tunduru ni nchi ya Wayao, na wengi wao ni Waislamu. Yule Mkatoliki aliyekuwa mtu wa "wengi" asubuhi alipopanda basi Mbinga, anashuka Tunduru akiwa mtu wa "wachache". Hajabadili jina, hajabadili dini, amebadili stendi tu.

Basi amuulize nafsi yake: angependa Tunduru atendewe vipi? Angependa mtoto wake shuleni alazimishwe sala isiyo yake? Angependa kiwanja cha kanisa kichelewe ofisini miaka kumi, kwa sababu tu wenye ofisi wanasali kwingine? Kama hapendi, basi majibu hayo hayo ayabebe arudi nayo Mbinga, ayatumie kwa Mwislamu wa Mbinga. Kipimo kiwe kimoja. Pishi ya kununulia isiwe kubwa na ya kuuzia ndogo.

Tazama ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1994 wananchi wa Malawi, wengi wao wakiwa Wakristo, walimchagua Bakili Muluzi, Mwislamu, kuwa rais wao katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu enzi za Kamuzu Banda. Hilo ni jambo la kuwapigia makofi. Lakini mwaka 1999, matokeo ya uchaguzi uliofuata yalipobishaniwa, hasira ya siasa ikamwagwa juu ya dini, na misikiti ikachomwa moto kaskazini mwa nchi hiyo. Watu wale wale, ziwa lile lile. Ndiyo maana nasema amani ya dini haikai yenyewe kama mlima. Ni kama mtumbwi: kila siku lazima mtu atoe maji.

Na maji huingilia wapi? Mara nyingi huingilia jikoni. Mwaka 2015, katika kijiji kimoja karibu na Delhi, Mwislamu mmoja aliburutwa kutoka nyumbani kwake akapigwa hadi kufa, kwa uvumi kwamba ameweka nyama ya ng'ombe. Tusiharakishe kutikisa kichwa. Mwezi Aprili mwaka 1993, jijini Dar es Salaam, watu walivamia na kuvunja bucha za nguruwe kwa sababu nyama hiyo ni haramu kwao. Mwezi Februari mwaka 2013, huko Buseresere, Geita, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja ulimaliza uhai wa mchungaji mmoja. Ng'ombe kule, nguruwe hapa, na kisu pale. Nyama tatu tofauti, ila neno ni moja: kwamba mimi nisichokula, nawe usile, na ninavyochinja mimi, nawe uchinje.

Mbinga inaweza kutufundisha kitu hapa. Wamatengo ni wafugaji wa nguruwe wa siku nyingi. Nguruwe ni akiba ya nyumba, ni ada ya mtoto, ni mbolea ya mibuni. Mwislamu anayeishi kati yao anaishi katikati ya mabanda hayo. Katika nchi yetu desturi imekuwa kwamba ng'ombe na mbuzi wa sokoni huchinjwa na Mwislamu ili watu wote waweze kula, na nguruwe huuzwa mahali pake, anayetaka anakwenda, asiyetaka anapita. Hiyo si sheria iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu. Ni adabu. Wengi wanaacha jambo dogo ili wachache wasikose kitoweo, na wachache wanaacha kununa mbele ya kitimoto cha jirani. Adabu ya namna hiyo ikivunjika hairudishwi kwa amri ya polisi.

Hata hivyo adabu peke yake haitoshi. Lazima iwepo sheria nyuma yake, kwa ajili ya siku ambayo adabu itachoka. Katiba yetu, Ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kubadili dini, na inasema shughuli za dini hazitakuwa sehemu ya kazi za serikali. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataa chama chenye lengo la kuendeleza maslahi ya dini fulani. Na lipo jambo moja la busara ambalo watu hulisahau: tangu sensa ya mwaka 1967, sensa zetu haziulizi dini. Karani anauliza una kuku wangapi na choo cha namna gani, haulizi unasali wapi. India huuliza. Kwa sensa yao ya mwaka 2011 Wahindu walikuwa karibu asilimia 80, Waislamu asilimia 14, Wakristo asilimia 2 na kitu. Kuhesabu si dhambi, na wako wataalamu wanaosema bila hesabu huwezi kujua nani ananyimwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini nchi ikishazoea kumjibu raia kwa asilimia yake, siku moja atakuja mtu jukwaani na kusema asilimia 80 ndiyo nchi, na wale wengine ni baki ya hesabu.

Nisije nikaonekana nawapaka mafuta Watanzania. Tunayo malalamiko yetu, na ya kweli. Wakati wa ukoloni shule za Mbinga na mwambao zilikuwa za misheni, na mtoto wa Kiislamu alikuwa na mlango mwembamba wa kuingilia. Serikali ilipozitwaa shule hizo kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ilikuwa inaondoa ukuta huo. Mwaka 1992 serikali ilitia saini makubaliano na makanisa juu ya huduma za elimu na afya, na Waislamu wengi wamelalamika tangu hapo kwamba fedha za umma zinakwenda upande mmoja. Kwa mtu wa Mbinga jambo hilo si nadharia. Hospitali ya Litembo ni ya Wakatoliki. Hospitali ya Liuli ni ya Waanglikana. Mama Mwislamu mwenye uchungu wa kujifungua usiku wa mvua hana hospitali ya dini yake huko milimani.

Jibu langu ni hili. Ni vema serikali ikisaidia hospitali inayotibu watu, yeyote aliyeijenga. Lakini shilingi ya kodi ikishavuka kizingiti cha hospitali ya kanisa, mgonjwa naye anavuka akiwa raia, wala si mgeni aliyekirimiwa. Hastahili kusikia hata utani wa kumkumbusha kwamba yuko kwa watu. Aidha mlango huo wa msaada uwe wazi, kwa masharti yale yale, kwa taasisi ya Kiislamu au ya Kihindu itakayojenga zahanati. Haki inayotolewa kama hisani ni haki ya mkopo. Mwenye nayo anaweza kuidai siku yoyote.

Na sasa neno kwa ndugu zetu Wahindu wa Tanzania, na neno juu yao. Wao hapa ni wachache miongoni mwa wachache. Kiswahili chenyewe hakikuwatendea haki: tunasema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Yaani mtu tunamkataa, mali yake tunaikubali. Ni methali ya ujanja, lakini ndani yake mna dhuluma. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, Wahindu na Waislamu na Wagoa bila kubagua, na mataifa yakaona uchumi wa nchi ulivyofuata. Kwetu, mapema mwaka 1993, Mchungaji Christopher Mtikila alipowahubiria walalahoi juu ya magabacholi, baada ya mkutano mawe yalirushwa kwenye magari na mali za Wahindi jijini Dar es Salaam. Waliorusha hawakuuliza nani Mhindu na nani Ismailia. Kwao walikuwa wapangaji.

Kwa hiyo Mhindu wa Tanzania anaijua ladha ya kuambiwa "hapa si kwenu". Ana haki yote ya kujenga hekalu lake, kuwasha taa za Diwali, kuchoma maiti yake kwa desturi ya dini yake, na kusomesha watoto wake utamaduni wa wazee. Haki hizo tumlindie bila kusitasita. Lakini naye, akisikia kutoka Gujarat kwamba Mwislamu wa kule hana haki ya kuitwa mwenyeji, asishangilie wala asichange. Hoja inayomfukuza Mwislamu wa Ahmedabad ndiyo hoja iliyomfukuza Mhindu wa Kampala. Anayeilisha kule akumbuke kwamba ina miguu, na njia ya kuja huku inaijua.

Mwaka 1995, Mwalimu Nyerere alipokuwa akiwaonya Watanzania juu ya ukabila na udini, alisema dhambi ya ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu: ukishaionja huachi. Ukimaliza kundi moja utatafuta jingine. Miaka imepita, na India imetupa mfano mwingine wa maneno hayo. Walianza na msikiti mmoja. Leo yamefunguliwa mashauri mahakamani juu ya misikiti mingine, katika miji ya Varanasi na Mathura, na majimbo kadhaa yana sheria zinazomtisha mtu anayebadili dini.

Ndugu wasikilizaji, kuna baba au mama ananisikiliza sasa, ambaye kijana wake amepangiwa kazi ya ualimu mahali ambapo dini yao haina watu. Huenda ni Mkatoliki wa Mbinga anayekwenda Tunduru, au Mwislamu wa Tunduru anayekwenda Mbinga. Anachoomba mzazi huyo usiku ni kitu kidogo: mwanangu apate nyumba ya kupanga, asali bila kuchekwa, akiugua atibiwe, akifa azikwe kwa heshima. Nchi inayoweza kumhakikishia mzazi huyo mambo manne hayo, popote mtoto atakapopangiwa, imepiga hatua ambayo mataifa makubwa yenye roketi bado yanaitafuta. Na kuhakikisha huko hakuanzii ikulu. Kunaanzia kwa mwenye nyumba wa Mbinga atakayegongewa hodi na mwalimu mgeni mwenye kanzu, na mwenye nyumba wa Tunduru atakayegongewa hodi na mwalimu mgeni mwenye rozari.

Kwa wiki hii naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.